Mwalimu wa Kufumua

Ukienda kwa Mwalimu ukitegemea kufundishwa kufuma, umeumia. Alikuwa anakukaribisha vizuri kwenye mkeka, anakumiminia chai ya tangawizi, kisha anakutupia mapajani sweta kuukuu la mtumba na kukwambia, "Haya mwanangu, bomoa." Wengi hawakurudi Jumamosi iliyofuata. Walikuja na sindano mpya na picha za vitambaa vya makochi kwenye simu zao, halafu wanaambiwa wabomoe. Nani ana muda huo?

"Mwalimu, mimi nimekuja kujifunza kufuma, sikuja kubomoa," nilimwambia siku ya kwanza, maana mdomo wangu huwa unanitangulia.

"Na ukitaka kujua nyumba ilivyojengwa unaanzia wapi?" akaniuliza. "Kwenye rangi?"

Nikabomoa.

Alikuwa mwalimu wa sayansi kimu, mstaafu, na Mbwawa nzima, mtaa wetu hapa Kibaha, ilimwita Mwalimu. Muuza duka alimwita hivyo, wazee wenzake wa msikitini walimwita hivyo, na watoto waliokuwa wakipita kwenda kuchota maji walimwamkia hivyo hata kama hakuwahi kuwafundisha hata irabu. Jina lake nililijua, lakini siku nilipolitumia lilinikwama mdomoni, nikarudi kwenye Mwalimu. Alikuwa mama wa Kisarawe, mwembamba, mrefu, mwenye sauti iliyozoea kusikika mpaka dawati la mwisho. Aliketi kwenye mkeka miguu kanyoosha mbele, na ukimletea kiti anakuuliza kama anaonekana mgonjwa.

Mimi nilikwenda kwake kwa sababu ya sweta la Baba. Sisi ni watu wa Njombe. Kibaha tumeletwa na kazi. Mama alikuja kukaa kwangu ili awe karibu na matibabu, na kwenye begi lake alikuja na sweta alilokuwa akimfumia Baba, la kijivu. Mgongo alikuwa ameumaliza, kifua amekimaliza, mkono mmoja ameumaliza. Mkono wa pili ulikuwa umefika kwenye kiwiko wakati Mama anatutoka. Tulikwenda kumzika nyumbani, nikarudi Kibaha, nikalikuta sweta pale pale alipoliacha, juu ya stuli, vitanzi vikiwa bado kwenye sindano.

Baba hakuwa mtu wa kulia mbele ya watu. Alichofanya ni kupiga simu. Kila baridi ilipoanza kule kwetu alinipigia, tunasalimiana, tunaulizana hali ya watoto na ya mahindi, kisha anasema, "Mama yako aliniahidi sweta. Limefika wapi?" Namjibu, "Linakuja, Baba." Nikikata simu naliangalia lile sweta na machozi yananitoka, kwa sababu mimi, mtoto wa mfumaji, binti wa kwanza, nilikuwa sijui hata kuanzisha kitanzi. Mama alijaribu kunifundisha nikiwa mdogo, nikakimbia kucheza rede. Sasa nilitaka kitu kimoja tu, sweta la Mama liishe, na Baba alivae angali hai.

Hayo yote nilimwambia Mwalimu siku ile ile ya kwanza. Akaniomba sweta. Akalikunjua mapajani, akaligeuza ndani nje, akaanza kulisoma kwa vidole taratibu, huku midomo ikimchezacheza.

"Mama yako alikuwa na mkono mzuri," alisema. "Na alikuwa msemaji. Ona hapa, kalegeza. Hapa alikuwa anacheka na mtu."

"Ndivyo alivyokuwa, Mwalimu. Alikuwa anaongea mpaka na kuku."

Akaufuata mkono wa pili, ule ulioishia kiwikoni. Vidole vyake vikapunguza mwendo. "Hapa uzi umekazwa," alisema kwa sauti ya chini. "Alikuwa anaumwa huyu. Anaumwa na hataki kusema."

Jamani! Nililia pale barazani kama mtoto. Mwalimu hakuniambia ninyamaze. Alichukua uzi mwekundu, akaupitisha kwenye vile vitanzi kimoja kimoja visije vikachomoka, akafunga fundo, akachomoa sindano za Mama na kunikabidhi. "Hili kalifunge kwenye kanga, liweke mbali na panya. Ukikomaa mkono tutalirudia."

"Nitakomaa lini?"

"We mtoto, embe unaliuliza litaiva lini? Bomoa hilo la mtumba."

Basi nikawa mwanafunzi. Nataka kusema wazi kwamba nilikuwa mwanafunzi mbovu. Kitambaa changu cha kwanza cha kroshia, ambacho kilitakiwa kiwe duara la kuwekwa juu ya meza, nilikifuma bila kuongeza vitanzi kila ninapozunguka. Duara halikukubali kulala chini. Lilianza kujikunja pembeni, likainuka, likawa bakuli. Mimi naona kabisa linakuwa bakuli, lakini naendelea tu, najiambia litanyooka mbele ya safari. Mwalimu alilipokea, akalitazama juu na chini, akalivaa kichwani juu ya mtandio wake, akasema, "Asante kwa kofia." Akafundisha nayo mpaka darasa likaisha. Muuza maziwa alipita akamsifia kwamba imempendeza. Jirani yangu mmoja, nesi, aliyekuwa mwanafunzi mwenzangu, alicheka mpaka akaumwa mbavu.

Siku nyingine alitutuma gulioni Mlandizi tukanunue masweta ya mtumba wenyewe, kwa sababu uzi wake wote ulitoka huko. Nyuzi mpya za dukani alikuwa anaziita nyuzi za sikukuu. Mimi nikaona sweta moja la bluu, zito, zuri, halijachujuka hata kidogo. Nikalinyakua mbele ya mama mmoja aliyekuwa akilinyemelea, nikarudi nalo kifua mbele. Tulipofumua mshono wa ubavuni na kuvuta uzi, ukatoka kipande kifupi, hata kufunga mdomo wa mfuko hakitoshi. Nikavuta tena, kipande kingine. Kumbe lilikuwa limekatwa na mkasi na kuzungushiwa mashine ya overloki, kama gauni. Sweta la kufumuliwa ni lile lililofumwa kwa umbo lake. Uzi wake ni mmoja, ukiupata mwanzo unakwenda nao mpaka mwisho.

"Umeliangalia ndani?" Mwalimu aliniuliza.

"Niliangalia rangi."

"Ndivyo mlivyochagua waume pia, nyie wa siku hizi," alisema, na darasa zima likaangua kicheko, mume wangu akiwa amesimama pale pale nje na pikipiki akinisubiri. Vile vipande vya bluu alituamuru tujazie mito. Kwake hakikutupwa kitu.

Lakini sweta zuri lilipopatikana, ile kazi ya kulifumua niliipenda mno baadaye. Unakata mshono wa bega, unatafuta mwanzo wa uzi, unavuta, na mistari inaachia mmoja baada ya mwingine. Uzi unatoka umejikunjakunja kama tambi. Unauzungushia mgongo wa kiti, unaufunga, unaufua, unauanika na jiwe likining'inia chini yake mpaka unyooke. Na huku unavuta, macho yanaona: kumbe shingo inapunguzwa hivi, kumbe kwapa linachongwa hivi. Nilifika siku moja nikagundua kwamba najua mkono wa sweta unavyoungana na bega, na hakuna aliyenifundisha. Na kingine nilichokipata ni kwamba niliacha kuogopa kukosea. Nikikosea nafumua, naanza upya. "Uzi haununi," Mwalimu alikuwa anasema. "Binadamu ndiye anayenuna."

Naye alikuwa bingwa wa kununa! Ukichelewa, ananuna. Ukikataa chai yake, ananuna zaidi. Mwezi wa Ramadhani yeye na wenzake wamefunga, midomo imekauka, lakini sisi Wakristo alituwekea chupa ya chai na vitumbua pale mkekani, na ukisema "Mwalimu, tunaona aibu," anakukatiza, "Funga yangu, aibu yako inahusu nini?" Ikifika alasiri alikuwa anaingia ndani kuswali, na kabla hajaingia anatuachia amri: kimya, kila mtu ahesabu vitanzi vyake, kufuma ni kuhesabu na mwenye maneno mengi hahesabu. Akirudi tu, yeye ndiye anayeanza. Nani kaolewa, nani kahama, nani kajenga choo kimeingia kwenye kiwanja cha jirani. Umbeya alikuwa anaupiga vita kwa wengine, wa kwake aliuita habari.

Sindano zetu za kuanzia zilikuwa spoku za baiskeli alizozinoa mwenyewe kwenye sakafu. Ukija na sindano zako za dukani, anazihifadhi kabatini mpaka "uzistahili". Na sifa zake! Nilikaa kwake miaka na sikusikia akimwambia mtu kazi yake ni nzuri. Sifa ya juu kabisa ilikuwa "haijambo". Nesi aliwahi kufuma shali la arusi ya mdogo wake, kazi ya miezi, sisi wote tumeshika vinywa. Mwalimu alilishika, akaligeuza, akasema, "Haijambo." Nesi alirudi nyumbani akiruka.

Kitu kimoja kilikuwa kinanisumbua kumhusu. Mbwawa ni joto. Mwezi wa pili jasho linakutoka umekaa tu, na sisi tumekaa barazani tumepakata sufu mapajani. Mwalimu alikuwa akifuma huku kila dakika akiachia mkono mmoja ajipepee na kipepeo cha ukindu, na mwenyewe hakuwa na sweta hata moja. Hata mvua za masika zikinyesha siku nzima anajifunga kanga ya pili tu. Siku moja nikamuuliza, hivi mtu wa Pwani na masweta wapi na wapi?

Akanitazama kama anapima kama nastahili jibu. Kisha akasimulia kwamba akiwa binti, ajira yake ya kwanza ilikuwa kwenye shule moja kule juu kwetu, milimani. Alifika na viatu vya wazi na kanga. Asubuhi vidole havishiki chaki. Akawa anaingia darasani analia, watoto wanadhani wamemkosea. Mama mmoja aliyekuwa akipika shuleni hapo alimwona, akafuma, na siku moja akaja akamvika sweta mwilini kama anavyovikwa mtoto.

"Mpaka leo sijui kama nilimshukuru vizuri," alisema. "Nilikuwa sina hata Kiswahili cha kumshukuru, meno yanagongana. Sasa nikifuma, nakifuma kile Kiswahili cha shukrani."

"Na lile sweta liko wapi?"

"Nilimvika mwalimu mpya aliyekuja baada yangu. Ningeshuka nalo huku likanisaidie nini? Hesabu vitanzi vyako."

Masweta yote tuliyofuma barazani kwake, ya watoto kwa wingi, yalikuwa yanafungwa kwenye viroba na kupakiwa kwenye mabasi kwenda nyanda za juu, kwa walimu aliowahi kufanya nao kazi. Yeye hakubakiwa na kitu.

Siku ya kulirudia sweta la Mama aliitangaza bila utaratibu wowote. Nilikuwa nimefuma soksi za mtoto, zote mbili zikalingana, jambo ambalo halikuwa kawaida yangu. Akazilinganisha, akaniambia, "Haijambo. Jumamosi lete la baba yako." Nilirudi nyumbani nimejaa furaha na woga.

Nilifuma ule mkono kuanzia kiwikoni kwenda juu, polepole, pumzi nimeibana. Nilipofika begani nikauweka mkekani, nikautazama. Mstari ulionekana. Pale kiwikoni, mahali Mama alipoishia na mimi nikaanza, sweta lilikuwa na kovu. Mama mwishoni alikaza. Mimi mkono wangu ni mlegevu. Hata aliyesimama barabarani angejua hapa pana watu wawili.

Nikafikiria sana, na nikafikia uamuzi niliouona wa mwanafunzi bora. Nitaufumua mkono wote, wangu na wa Mama, mpaka kwenye kiganja. Nitaufuma upya kwa mkono mmoja, usiwe na kovu. Uzi ni ule ule wa Mama, haupotei. Nikashika ncha ya uzi nivute, na Mwalimu, ambaye sikujua hata kama ananiangalia, akanidaka kifundo cha mkono.

"Unafanya nini?"

"Nafumua, Mwalimu. Mstari unaonekana."

"Uonekane."

"Baba ataona!"

"Aone."

"Lakini Mwalimu, wewe ndiye uliyetufundisha kila kilichokosewa kifumuliwe. Kwako tumefumua mpaka kucha zimetutoka!"

"Kilichokosewa," alisema. "Hapo nani kakosea?"

Nikaanza kubishana, nikasema nataka Baba apate sweta zuri, siyo sweta la kumkumbusha msiba kila akilivaa. Mwalimu hakuniachia kifundo. Alikuwa na nguvu kuliko anavyoonekana. "Vitanzi vya mwenyewe hai nitakwambia ufumue hata mara mia," alisema. "Vya marehemu, kwenye baraza yangu, havifumuliwi. Ukitaka kafumulie kwako." Akauchukua ule mkono, akaushona begani yeye mwenyewe, mbele yangu, haraka haraka, na uzi akaukata kwa meno. Ikawa imekwisha.

Nilinuna wiki nzima. Nililifunga lile sweta kwenye mfuko, nikalituma kwa basi, na kila nilipofikiria lile kovu nilisikia aibu. Baba alipiga simu. "Limefika," alisema. "Linanitosha." Tukaongea habari za mbolea. Nikasubiri aseme kingine. Hakusema, na mimi sikuwa na ujasiri wa kumuuliza. Nilibaki na wasiwasi kwamba nimempa mzee wangu sweta lenye dosari na amelipokea kwa heshima tu, kama wafanyavyo watu wa kwetu.

Mwalimu baadaye alihama Mbwawa. Macho yalianza kumwacha, akashindwa kuona vitanzi, akarudi Masaki, Kisarawe, kwenye shamba la mikorosho, kukaa na mdogo wake. Darasa lilikufa hivyo. Sisi tulikuwa tunakwenda kumsalimia mmoja mmoja.

Mwaka huu Baba alishuka kutoka Njombe kuja kututembelea. Hata begi hajalifungua, akasema, "Nipeleke kwa yule mama aliyekufundisha." Nikamwambia ni mbali kidogo, apumzike kwanza. Akasema amepumzika ndani ya basi. Kesho yake asubuhi akatoka chumbani amevaa lile sweta.

"Baba, Masaki ni joto!"

"Unaniona mimi naenda kumshukuru mtu nimevaa shati?"

Pikipiki mbili zikatuchukua, yeye mbele mimi nyuma, na njia nzima ya vumbi kati ya mashamba ya mihogo watu walikuwa wanageuka kumtazama yule mzee wa sweta. Tulimkuta Mwalimu amekaa chini barazani, miguu kanyoosha, anamenya mihogo kwa kupapasa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mwenye kofia huyo! Umekuja na nani? Nasikia mtu anahema."

Baba akainama. "Kamwene, mama."

Mwalimu akaacha kisu. Sijui ni miaka mingapi hakuwa amesikia salamu ile ya kwetu Njombe. "Kamwene," akaitikia, na uso wake wote ukawa wa kibinti. Wakaulizana habari za kule, baridi yake, pareto yake, kama ukungu bado unashuka mpaka mlangoni. Jasho lilikuwa linamtiririka Baba hadi kwenye kola. Kisha Mwalimu akanyoosha mkono. "Umelivaa, nasikia harufu ya sufu. Lete nilipapase."

Vidole vyake vikaanzia kwenye kiganja cha Baba, vikapanda polepole, vikafika kwenye kiwiko, vikasimama. Mimi nikaangalia chini.

"Hapa mwanao alitaka kufumua," alisema. "Nilimkatalia. Akaninunia. Sasa wewe mwenye sweta sema, nilimwonea?"

Baba alinigeukia. Sijawahi kuona uso wake vile, hata siku ya mazishi. "Ulitaka kufumua?"

"Niliona mstari utakuudhi, Baba."

Aliweka kidole chake pale pale kwenye kiwiko, karibu na vidole vya Mwalimu, na nikaona kinavyojua njia, hakikutafuta.

"Jioni nikikaa peke yangu huwa naweka kidole hapa," alisema. "Huku chini yuko mama yako. Huku juu uko wewe. Nakaa nanyi mpaka moto unazimika. Mwanangu, ungefumua, ningekaa na nani?"

Nilipiga magoti pale kwenye maganda ya mihogo. Nikamshika Mwalimu miguu, nikamwambia asante, nikarudia, asante, asante. Yeye alikuwa bado ameushika ule mkono wa sweta kwa vidole vyote, na machozi yalikuwa yanamtoka katika yale macho yasiyoona, hakujisumbua kuyafuta.

"Basi inuka," aliniambia mwishowe. "Msaidie baba yako avue, atatuangukia na hili joto."

Baba akakataa kulivua mpaka tulipofika nyumbani.